Kifaa kikuu cha ulinzi wa mtandao kikizima, nani hubaki zamu?

Mkazi anapolipa leseni ya biashara kwa simu, mama mjamzito anapofunguliwa faili katika hospitali ya kaunti ndogo, au karani wa ardhi anapotafuta nambari ya ploti kwenye kompyuta, mstari mmoja wa maandishi huandikwa kimyakimya: saa ngapi, kutoka kompyuta gani, kwa jina la nani. Mistari hiyo huitwa kumbukumbu za mfumo. Kwa siku moja ofisi na hospitali za kaunti zinaweza kuandika mamilioni yake, na hakuna afisa anayeweza kuisoma yote.

Kazi ya kuisoma huachiwa mfumo wa kufuatilia usalama wa mtandao. Mfumo huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni vihisi, yaani vifaa na programu ndogo zilizowekwa kila mahali penye kazi: kwenye lango la mtandao wa hospitali, ndani ya seva ya mapato, kwenye kompyuta za ofisi za wadi. Ya pili ni kifaa kikuu, ambacho kwa kawaida hukaa makao makuu na kupokea taarifa zote, kuzilinganisha, kuzihifadhi na kupiga tahadhari pale penye shaka.

Faida ya kuwa na kifaa kimoja cha kukusanya taarifa huonekana kwa mfano mdogo. Mtu akijaribu nenosiri lisilo sahihi mara 4 katika hospitali, hiyo ni dalili ya muuguzi aliyechoka. Mara 4 katika ofisi ya mapato, labda karani amesahau. Mara 4 tena katika ofisi ya ardhi, na bado hakuna anayeshtuka. Lakini majaribio hayo 12 yakifika mahali pamoja, yote yakiwa yametoka kwenye anwani moja ya intaneti ndani ya dakika 10, picha hubadilika kabisa. Huyo ni mdukuzi anayebisha kila mlango.

Basi kifaa hicho kikizima, hali huwaje? Kuzima si jambo la ajabu. Umeme hukatika. Kebo ya nyuzi za kioo hukatwa na tingatinga linalochimba barabara. Sasisho la programu huenda mrama. Wakati mwingine ni jambo la aibu zaidi: diski imejaa, na kwa wiki mbili hakuna aliyeangalia. Mashambulizi yenyewe pia yanaweza kukizima. Julai 2023 tovuti ya eCitizen ilishambuliwa kwa kufurikishwa maombi bandia, na Wakenya wengi wakakwama bila huduma. Shambulio la namna hiyo huandikisha kumbukumbu nyingi kupita kawaida, na kifaa kikuu kisichopimwa vizuri kinaweza kulemewa na taarifa zilizoletwa kukisaidia.

Mlinzi wa lango hasubiri redio

Jambo la kwanza ambalo mkazi anafaa kujua ni kwamba kuona na kuzuia ni kazi mbili tofauti. Kifaa kinachozuia wavamizi langoni, ambacho mafundi hukiita fayawoli, huhifadhi kanuni zake ndani yake chenyewe. Kifaa kikuu kikizima, fayawoli ya hospitali haisahau ni nani asiyeruhusiwa kuingia. Inaendelea na kanuni za mwisho ilizopewa.

Ni kama askari wa usiku sokoni. Redio ya kituo ikifa, askari wa lango la mashariki hafungui lango na kwenda kulala. Anaendelea kukataza watu na anaendelea kuandika kwenye kitabu cha OB. Anachokosa ni mambo mawili. Hawezi kuambiwa kwamba kuna gari jeupe linalozunguka na limeshakataliwa lango la magharibi, na hakuna mtu kituoni anayejua kinachoendelea langoni kwake.

Ndivyo ilivyo kwa mtandao. Wakati kifaa kikuu kimezima, kanuni mpya hazifiki kwenye malango. Anwani ya mdukuzi iliyogunduliwa leo asubuhi haitazuiwa hospitalini hadi mawasiliano yarudi, au hadi fundi aende mwenyewe kuiandika. Na yule mdukuzi wa majaribio 12 anarudi kuonekana kama makarani watatu wasahaulifu.

Kuna vihisi vingine vinavyokaa katikati ya njia, ambavyo kila taarifa lazima ipite ndani yake ndipo ifike inakokwenda. Hivyo vikifa vyenyewe, au vikikosa maelekezo, lazima viwe vimeamuliwa mapema: vipitishe kila kitu bila kukagua, au vifunge njia kabisa? Jibu moja halitoshi kwa kaunti nzima. Katika chumba cha wagonjwa mahututi, daktari asiyeweza kuona matokeo ya maabara ni hatari kubwa kuliko saa mbili za mtandao usiokaguliwa, kwa hivyo njia huachwa wazi. Katika seva inayoidhinisha malipo ya wanakandarasi na mishahara, kufunga ndio usalama, kwa sababu malipo yaliyochelewa hadi mchana yanaweza kulipwa mchana, lakini pesa zilizotoroka ni vigumu kuzirudisha. Mkazi akiambiwa dirishani kwamba "sistimu iko chini", huenda hakuna shambulio lolote. Huenda mlango umejifunga kwa sababu ulipangwa kujifunga.

Kitabu cha OB kina kurasa ngapi?

Swali gumu zaidi ni kuhusu kumbukumbu zinazoandikwa wakati kifaa kikuu hakisikii. Zinakwenda wapi?

Inategemea njia inayotumika kuzituma. Njia ya zamani na iliyoenea sana huitwa syslog, ambayo ilianzishwa na Mmarekani Eric Allman katika miaka ya 1980. Katika umbo lake rahisi, kifaa hutuma ujumbe na kuendelea na shughuli zake bila kusubiri jibu. Ni sawa na kupaza sauti kuelekea ng'ambo ya mto: kama kuna mtu amesikia, vyema, kama hayupo, maneno yamepotea na aliyepaza sauti hajui. Vifaa vingi vya zamani vya kuunganisha mtandao bado hutumia njia hii. Kifaa kikuu kikizima kwa saa tatu, saa tatu za kumbukumbu za vifaa hivyo zimekwenda na hazirudi.

Njia bora ni ile ambayo mpokeaji hukiri kupokea. Mtumaji asipopata jibu huweka ujumbe kwenye ghala ya muda na kujaribu tena baadaye. Kwa vifaa vya zamani visivyoweza kufanya hivyo, mafundi huweka kompyuta ndogo ya kati katika ofisi ya kaunti ndogo. Vifaa huipazia sauti kutoka karibu, nayo huandika kila kitu kwenye diski yake, kisha hupeleka makao makuu kwa njia ya kukiri. Kifaa kikuu kikizima, hiyo kompyuta ya kati haihitaji kujua kwa nini. Inaendelea kuandika.

Lakini ghala lolote lina ukuta. Tuseme hospitali moja huandika kumbukumbu 200 kwa sekunde, kila moja ikiwa na ukubwa wa baiti 500. Hiyo ni megabaiti 360 kwa saa, au takriban gigabaiti 8.6 kwa siku. Kihisi kilichopangwa kushika kumbukumbu 5,000 tu kwenye memori kitajaa kwa sekunde 25, muda usiotosha hata fundi kufungua mlango wa chumba cha seva. Kompyuta ya kati yenye nafasi ya gigabaiti 32 kwenye diski itahimili zaidi kidogo ya siku tatu na nusu. Tofauti kati ya sekunde 25 na siku tatu na nusu haikuletwa na mtambo wa mamilioni. Imeletwa na diski ya kawaida na mtu aliyekumbuka kubadilisha mpangilio.

Kipimo kizuri cha ghala ni wikendi. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 62. Kwa hospitali ya mfano wetu hizo ni gigabaiti 22 na ushei. Kaunti ambayo haina fundi wa zamu siku ya Jumapili inafaa kupima ghala zake kwa saa hizo, si kwa saa za kazi, na ikiwezekana iongeze siku moja kwa ajili ya Jumatatu ya sikukuu.

Ghala likijaa, kifaa lazima kitupe kitu: kumbukumbu za zamani au zinazoingia sasa. Wadukuzi wanalijua hilo. Mmoja anaweza kufanya kelele nyingi makusudi, maelfu ya majaribio yasiyo na maana, ili ghala lifurike na ule mstari mmoja unaomhusu utupwe pamoja na takataka. Ndiyo sababu mafundi wazoefu hutenga ghala mbili: moja ya mambo ya kawaida, nyingine ndogo ya mambo mazito kama vile mtu kujipa mamlaka ya msimamizi au akaunti mpya kufunguliwa usiku.

Pacha chumba kimoja

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kuwa na vifaa vikuu viwili. Kimoja hufanya kazi, kingine hukaa tayari. Kila sekunde au sekunde chache kile cha kwanza hutuma ishara fupi ya kusema "nipo", ambayo mafundi huilinganisha na pigo la moyo. Mapigo kadhaa yakikosekana kwa mfululizo, cha pili huchukua usukani.

Mpango huu una mtego wake. Ikiwa kilichokatika ni kebo kati ya vifaa hivyo viwili tu, kila kimoja kitadhani mwenzake amekufa. Vyote viwili vitajitangaza kuwa wakubwa, kila kimoja kikipokea nusu ya taarifa na kutoa maagizo yake. Kwa sababu hiyo huongezwa shahidi wa tatu, kifaa kidogo kisicho na kazi nyingine ila kupiga kura. Mwenye kura mbili kati ya tatu ndiye anayeongoza, na aliyebaki peke yake hunyamaza hata kama ni mzima.

Mtego wa pili ni wa kawaida zaidi. Vifaa viwili vikiwekwa katika chumba kimoja, kwenye soketi moja, chini ya paa moja linalovuja, kaunti imenunua kifaa kimoja kwa bei ya viwili. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na sehemu ya uwanja wa ndege wa JKIA ikakaa gizani kwa kuwa jenereta moja ilikataa kuwaka. Kuwa na jenereta na kuwa na jenereta inayowaka ni mambo mawili. Vivyo hivyo kifaa cha akiba ambacho hakijawahi kujaribiwa kwa kuzima kile kikuu makusudi, mchana, mafundi wakiwa wamesimama kando, hakijulikani kama kinafanya kazi.

Kimya kinachofanana na amani

Kuzima kwa ghafla kuna nafuu yake: angalau mtu huona. Hatari kubwa ni kifaa kinachoonekana kiko kazini na kumbe hakioni.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Marekani mwaka 2017, katika kampuni ya Equifax inayoweka rekodi za mikopo ya watu. Wadukuzi waliingia mwezi Mei kupitia dosari ya programu iliyokuwa imetangazwa tangu Machi, na wakakaa ndani siku 76. Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo, lakini kifaa hicho kilihitaji cheti cha kidijitali ili kuweza kuyasoma, na muda wa cheti ulikuwa umekwisha. Ripoti ya kamati ya Bunge la Wawakilishi ya mwaka 2018 ilisema hali hiyo ilidumu miezi 19. Kifaa hakikupiga kelele wala hakikufunga njia. Kiliyapitisha mawasiliano bila kuyakagua, na hakuna tahadhari iliyotokea kwenye skrini. Tarehe 29 Julai cheti kiliposasishwa, wafanyakazi waliona mawasiliano ya kutilia shaka mara moja. Wakati huo taarifa za watu takriban milioni 147 zilikuwa zimeshachukuliwa. Miaka miwili baadaye kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 700 kumaliza kesi.

Skrini isiyo na tahadhari, basi, ina maana mbili. Labda hakuna mwizi, labda hakuna mlinzi. Mifumo iliyopangwa vizuri hutofautisha mambo hayo kwa kuhesabu kimya. Ikiwa hospitali ya kaunti ndogo huleta kumbukumbu 200 kwa sekunde mchana kutwa na ghafla ikaleta 3, hiyo yenyewe ni tahadhari, hata kama zile 3 hazina ubaya wowote.

Na anayekiangalia kifaa kikuu chenyewe? Hapaswi kukaa ndani yake. Kifaa kilichokufa hakiwezi kutuma barua pepe ya kusema kimekufa. Njia inayotumika ni kugeuza mambo: kifaa kikuu hulazimika kuripoti kila baada ya dakika chache kwa kifaa kingine kidogo kilicho mahali pengine, chenye umeme wake na laini yake ya simu. Kisiporipoti, hicho kidogo hutuma ujumbe mfupi kwa afisa wa zamu. Ni jambo la gharama ndogo sana likilinganishwa na mengine yote, na huenda ndilo linalosahaulika zaidi.

Kifaa kinaporudi

Umeme ukirudi au kebo ikiungwa, kazi haijaisha. Vihisi vyote humwaga ghala zao kwa pamoja, na kifaa kilichoamka dakika tano zilizopita kinaweza kuzidiwa na kuanguka tena. Kwa hivyo vihisi hupangiwa kasi: kumbukumbu za sasa zipewe nafasi kwanza, za nyuma zifuate polepole.

Kisha kuna suala la saa. Kumbukumbu ya nyuma inapofika lazima ihesabiwe kwa wakati tukio lilipotokea, si wakati ilipopokewa. La sivyo mambo ya Jumamosi usiku yataonekana kama ya Jumatatu asubuhi. Hapo saa za vifaa vyote zinatakiwa zikubaliane. Kifaa kinachofuata saa ya dunia kitaandika 17:00, kinachofuata saa ya Afrika Mashariki kitaandika 20:00, na bawabu ataandika kwenye daftari lake saa mbili usiku. Watatu hao wanasema kweli na ni dakika ileile, lakini mchunguzi asiyejua atatafuta matukio matatu.

Tahadhari zinazotokana na kumbukumbu za nyuma huhitaji macho ya mtu. Mfumo unaweza kutaka kufunga akaunti ya karani kwa kosa la siku mbili zilizopita ambalo limeshasahihishwa. Unaweza pia kuonyesha kwamba mtu aliingia Jumamosi saa nane usiku na bado yumo ndani.

Yote haya yanamfikia mkazi kwa njia ambayo huenda haitarajii. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taasisi inayogundua kwamba data za watu zimefikiwa na mtu asiyeidhinishwa, na kwamba kuna hatari ya kweli ya madhara, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Inataka pia wenye data wajulishwe kwa maandishi. Ila kuna kifungu: sharti la kumjulisha mwenye data halipo ikiwa haiwezekani kumtambua. Hospitali ambayo ghala lake lilihimili wikendi nzima inaweza kuona kwamba faili 340, kwa mfano, zilifunguliwa, na kuandikia wagonjwa hao 340. Hospitali ambayo kihisi chake kilijaa kwa sekunde 25 itajua tu kwamba kuna mtu alipita. Mgonjwa aliyepimwa ugonjwa ambao hajamwambia hata mkewe anaweza asijue kamwe kwamba faili yake ilisomwa.

Maamuzi haya hufanywa kwenye bajeti. Kila mwaka taarifa ya mwelekeo wa fedha wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na katika hatua hizo wananchi hualikwa kutoa maoni. Kwenye orodha ya idara ya teknolojia ya habari na mawasiliano kwa kawaida huonekana ununuzi wa mitambo. Mkazi anaruhusiwa kuuliza kifaa cha akiba kitawekwa jengo gani, ghala za hospitali zinahimili saa ngapi, ni nani hupokea ujumbe kifaa kikizima Jumapili usiku, na mara ya mwisho kilizimwa kwa majaribio ilikuwa lini. Asipojibiwa ukumbini, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa haki ya kuuliza kwa maandishi.